Rudisheni Ile Sabuni

Jamani, nimechoka kugongewa mlango.

Mwezi huu peke yake nimeletewa miswada minne ya wenzangu niisome, na yote minne inaanza saa nane za usiku. Mvua inanyesha. Msichana mrembo yuko peke yake, usingizi umemruka, mara ngo! ngo! ngo! Nani? Ni yeye! Yule rafiki wa zamani, waliyesoma naye, waliyepotezana bila hata kuagana. Shati limelowa damu. "Nifiche, Mungu wangu shahidi, si mimi niliyeua." Msichana anafungua. Ukurasa wa pili anakifunga kidonda kwa kipande cha khanga, ukurasa wa tatu wanatazamana, ukurasa wa nne... basi, ukurasa wa nne nyote mnaujua. Wakifika wa kumi na mbili muuaji wa kweli anaungama kila kitu, tena kwa sauti, huku askari wamejibanza nyuma ya pazia wanaandika. Wawili wetu haooo, ufukweni, kuvishana pete.

Uko na muswada wa tano. Huo ni wangu mwenyewe, nitaufikia.

Sisemi hadithi ya namna hii isiandikwe. Naipenda, na nyie mnajua naipenda, ndiyo maana mnaniletea mimi. Mtu aliyesingiziwa, mtu anayemsitiri, na katikati yao mapenzi ya zamani ambayo hayakuwahi kuiva wala hayakuoza: huo ni mtaji wa kutosha kuendesha riwaya ya kurasa mia mbili. Kinachonikera ni kuwa mtaji huo mnautumbua siku ya kwanza. Mnatuambia mapema mno kuwa jamaa hana hatia.

Hebu fikirini kidogo. Kama msomaji ameshaonyeshwa muuaji halisi tangu sura ya kwanza, akamwona na kisu na kovu lake la shavuni, basi msichana anapofungua mlango anafanya jambo gani la ajabu? Anamfungulia mtu mwema. Nani asingemfungulia mtu mwema? Ushujaa wake uko wapi? Na hayo mapenzi mnayotuahidi kwenye jalada yako wapi? Kumwamini mtu ambaye mwandishi ameshampiga mhuri wa wema kwenye paji la uso siyo kumwamini. Ni kusoma mhuri. Msichana wenu hana kazi yoyote humo zaidi ya kuchemsha maji na kupendwa.

Halafu lile neno lenu, "namjua." Mnalitumia kama hati ya mahakama. "Namjua tangu darasa la tatu, hawezi kuua hata sisimizi." Dada yangu, unayemjua wewe ni mtoto wa darasa la tatu! Huyu aliyesimama mlangoni ana ndevu, ana miaka kumi na tano ambayo wewe hukuwepo. Amekula na watu usiowajua, amekopa, amekopesha, ameumizwa na wengine na pengine yeye naye ameumiza. Kicheko ni kile kile, na hapo ndipo hatari ilipo. Angekuwa mgeni kabisa ungemhoji kwanza, ungemkagua macho, ungemwambia asubiri nje. Rafiki wa zamani anaingia na miaka yake kumi na tano imefunikwa kwa kicheko kimoja unachokikumbuka. Mwandishi mwenye akili angeanzia papo hapo. Nyie mnapita mbio kama mnafukuzwa, kuwahi ukurasa wa nne.

Na hicho chumba chenu! Hawa watu wanaishi wapi? Nyumba ina geti, sebule ina makochi ya ngozi, bafu liko ndani kwa ndani, jikoni kuna friji lenye kuku mzima. Mwandishi mwenyewe namjua (mimi pia nimelitumia, nisameheni), amepanga chumba kimoja Manzese kwenye nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani, anaandika usiku huku mwenye nyumba akigonga ukuta kwa sababu ya umeme. Lakini akishika kalamu tu kesho yake kahamia Masaki.

Hebu mfiche mtu Manzese tuone! Kuta haziishii kwenye paa, jirani akijigeuza kitandani wewe unasikia chaga. Mtu mzima ana haja zake, na choo kiko uani: utamtoa saa ngapi? Utamwekea ndoo? Vizuri. Nani ataibeba hiyo ndoo alfajiri, na atakutana na nani kwenye ukumbi, na atasema amebeba nini? Ulikuwa unanunua mkaa wa kopo moja, sasa unanunua makopo mawili. Ulikuwa unaosha sahani moja. Mama wa chumba cha mbele, ambaye tangu uhamie anajua hata idadi ya vitunguu unavyokata, atakaa kimya? Na kikohozi? Kuna mtu yeyote kati yenu aliyewahi kumpa mtoro wake kikohozi? Taharuki yote hiyo ipo, bure, inawasubiri pale pale mnapolala, nyie mnakwenda kuazima bastola zenye viwambo vya sauti ambazo hata kuzishika hamjawahi.

Siku hizi kuna na simu. Mwanaume aliyejificha lazima azime simu yake, sawa, lakini na huyu dada aliyezoea kupiga soga mpaka saa sita usiku, ambaye ghafla anajibu kwa neno moja moja? Shoga zake watakuja kumwangalia kama anaumwa. Sijaona mtu ameliandika hilo.

Na kusingiziwa kwenyewe, kwa sehemu kubwa ya watu wetu, hakuji na faili wala na mpelelezi mwenye koti refu. Kunakuja na neno moja tu: "Mwizi!" Mtu mmoja amelitamka sokoni, kidole kimenyooshwa, na kabla hujahesabu kumi kuna mawe, kuna tairi, kuna kijana aliyekwishatumwa petroli. Yule anayekimbia akaliona duka la rafiki yake wa utotoni hana nafasi ya kueleza alikuwa wapi wala nani ameiba nini. Na yule rafiki hana nafasi ya kupima. Ana komeo mkononi: afungie mtu ndani, au amfungie nje. Umati huo ukifika mlangoni utauliza swali moja tu, na jibu likichelewa duka linachomwa. Karibu kila mmoja wetu ameliona tukio kama hilo au amesimuliwa na aliyeliona. Nani ameliandika?

Najua tulikokosea njia. Tumelelewa na riwaya pendwa, na mimi sitaki kumsikia mtu akizidharau mbele yangu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla aliingia na kiko chake mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale. Faraji Katalambulla akatupa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akamtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, kisha Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Vitabu hivyo vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakanyofoka, watu walivisoma kwa hiari bila kulazimishwa na mwalimu, jambo ambalo vitabu vingi vilivyosifiwa vyuoni havijalipata mpaka leo. Lakini angalieni kitu kimoja. Hizo ni hadithi za mtafutaji. Mpelelezi ndiye mwenye kitabu. Akitoka tunatoka naye, akiingia nyumba ya mtu tunaingia naye, na wenye nyumba tunawaona kwa muda ule tu aliosimama pale. Sisi tumeuchukua mwendo wa mtafutaji tukamvika mfichaji. Haumkai! Mtafutaji anakwenda mbio. Mfichaji hana pa kwenda. Hofu ya mfichaji ni ya kukaa, ya kusikiliza, ya kuhesabu nyayo za watu kwenye ukumbi mpaka ajue za nani ni zipi.

Wazungu nao wana ugonjwa huo huo, msidhani ni wetu peke yetu. Kuna filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1935, The 39 Steps, iliyotolewa kwenye kitabu cha John Buchan cha mwaka 1915. Mwanaume amesingiziwa mauaji, anakimbilia Scotland, analala usiku mmoja kwenye kibanda cha mkulima mkali mwenye mke kijana. Yule mke anagundua mgeni ni nani. Usiku polisi wanakuja, yeye ndiye anayemwamsha, ndiye anayempa koti jeusi la mumewe avae, maana nguo zake zinaonekana kwa mbali gizani. Mbele ya safari jamaa anapigwa risasi, na risasi inakwama kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani kilichosahauliwa kwenye mfuko wa koti lile. Anapona! Watu wanacheka, filamu inaendelea, anapata mrembo mwingine. Na yule mke? Mumewe anauliza kitabu chake cha nyimbo kiko wapi, kile cha kwenye koti. Anajibiwa. Anampiga, basi, picha inakatwa, na Hitchcock harudi tena kwenye kibanda kile. Mimi niliiona filamu hiyo nikabaki kule kule kibandani. Hamkumfahamu huyo mgeni zaidi ya saa chache, hakuna aliyemthibitishia kitu, na amelipa kwa mwili wake. Hadithi ilikuwa pale, wao wakaondoka na koti.

Tuje kwenye sheria, maana waandishi wetu wanaiogopa sheria wakati imejaa visa. Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, inatumika tangu mwaka 1945, na kifungu chake cha 387 kinamhusu huyu msichana wenu. Kinamhesabu kuwa mshiriki wa kosa baada ya kutendeka mtu yeyote anayempokea au kumsaidia mwingine, ambaye yeye anajua kuwa ana hatia, ili aikwepe adhabu. Kenya wanacho hicho hicho katika kifungu cha 396 cha kanuni yao, maneno karibu yale yale, kwa kuwa mkono ulioziandika ulikuwa mmoja, wa mkoloni. Sasa sikilizeni utamu wake. Mke hashtakiwi kwa kosa hilo akimsitiri mumewe, na mume vivyo hivyo kwa mkewe. Rafiki wa zamani hana kinga hiyo. Mpenzi hana. Yule mliyecheza naye kombolela, mkaandikiana barua, mkashindwa kuambiana, kwa macho ya sheria ni mtu baki.

Na lile neno "anajua." Kesi nzima imelala hapo. Kwa hiyo kila swali ambalo msichana anamwuliza mgeni wake linamsogeza karibu na kizimba. Asipouliza, anaweza kusimama mbele ya hakimu akasema sikujua, na akawa anasema kweli. Akiuliza akajibiwa vibaya, keshakwisha. Lakini asipouliza, atalalaje? Atamlazaje mwanaume chumba kimoja na yeye, amsikilize anavyopumua, asiulize? Kutojua ndiyo salama yake, na kutojua ndiko kunakomtafuna. Hamuoni kuwa hiyo peke yake ni riwaya? Wabunge na majaji wametuandikia mgogoro, sisi tunahangaika na makovu ya mashavuni!

Sasa muswada wa tano.

Mama yangu mdogo alimficha mtu. Mwaka 1983, Magomeni, siku kumi na moja. Mwenyewe hutumia neno kusitiri, kuficha anasema ni kwa vitu. Kwa mliozaliwa baadaye: baada ya vita vya Kagera, 1978 mpaka 1979, maduka yalikuwa matupu. Sukari, mafuta ya kula, khanga, sabuni, vyote kwa foleni au kwa kujuana. Watu walifulia majani ya mpapai. Machi 1983 serikali ikaanza msako wa wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiusimamia, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria maalumu. Mahakama yake ilikuwa ya peke yake: hakuna dhamana, hakuna wakili, hakuna rufaa. Mwaka 1984 sheria ile ikaondolewa ikaletwa nyingine isiyobana kiasi hicho. Lakini katika ile miezi ya msako watu walitupa mali usiku, porini na mitoni, wasikutwe nazo. Walanguzi wakubwa walikuwepo, nani atakataa. Na wako waliochomewa utambi na jirani mwenye kinyongo chake cha siku nyingi.

Mama mdogo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mpiga taipu katika ofisi moja mjini, chumba kimoja, na mchumba ambaye watu wake walishapeleka posa. Mgeni wake alisoma naye shule ya msingi. Alikuwa karani wa stoo kwenye duka moja la jumla. Katoni za sabuni zikapungua kwenye hesabu, mwenye duka akamtaja yeye. Hakuja saa nane za usiku na wala mvua haikunyesha. Alikuja magharibi, saa ambayo wanaume wako msikitini na wanawake wako uani wanapuliza majiko. Hakugonga. Alimwita kwa jina la utani la shule ambalo mtaa mzima hakuna aliyelijua. Mama mdogo anasema alipolisikia hilo jina alishafungua kabla hajafikiri, na kufikiri alikuja kufikiri siku kumi na moja zilizofuata.

Chakula kilikuwa cha mtu mmoja, kwa hiyo walikula nusu nusu. Saa mbili usiku alikuwa anafungua redio kwa sauti, taarifa ya habari, jamaa apate kukohoa. Siku ya saba balozi wa nyumba kumi akamsimamisha mlangoni. Mzee mstaarabu, hakufoka. Akamwambia, "Binti, naona siku hizi sufuria lako limekua." Mama mdogo akainamisha kichwa akajibu, "Mzee wangu, hali yangu si ya peke yangu tena."

Mzee akaondoka akimwombea heri. Kufika Ijumaa mtaa mzima ulikuwa na habari kuwa binti yule ni mjamzito, na haikupita mwezi watu wa mchumba wakaja kuchukua vyao. Hakuwaeleza. Angewaeleza nini, mtu akiwa bado yuko njiani hajulikani amefika au amekamatwa?

Hicho ndicho kisa nilichopewa, na mimi nikakiandika. Nikatia mvua. Nikatia damu. Nikamfanya mwenye duka aungame. Balozi nikamfanya afisa usalama mwenye miwani myeusi. Na kitu kimoja nikakitoa kabisa.

Siku ya nne mama mdogo aliufungua mkoba wa mgeni wake akitafuta shati la kumfulia, akakuta miche mitatu ya sabuni imeviringishwa kwenye gazeti. Mitatu! Mwaka 1983! Mtu angeweza kuipata kwa halali, kwa foleni ya tangu alfajiri, au akapewa kama fungu lake dukani. Angeweza pia kuipata kwa njia ile aliyotuhumiwa nayo. Aliiviringisha tena kama ilivyokuwa, akaurudisha mkoba chini ya kitanda, akalifulia shati majani ya mpapai. Hakuuliza. Siku mbili baadaye jamaa mwenyewe akautoa mche mmoja akauweka mezani, naye hakusema neno. Mama mdogo akautazama, kisha akauchukua. "Sabuni ni sabuni, mwanangu," ndivyo alivyoniambia.

Mimi nikaitoa. Niliona itamchafua shujaa wangu. Msomaji atasema kumbe kweli aliiba.

Nikampelekea hadithi nikamsomea. Alikuwa anachagua mchele, hakunikatiza, nami nikadhani ameguswa. Nilipomaliza akauliza, "Na sabuni?" Nikamweleza: mama mdogo, nimeitoa, ingewachanganya wasomaji, nimetaka wajue kuwa alisingiziwa. Akapepeta mchele wake kidogo. Akasema, "Sasa kama unajua alisingiziwa, mimi nilifanya nini hapo? Si nilimpikia tu?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo. Nilimwuliza kama yeye anaamini mtu yule hakuiba. Akasema Jumatatu anaamini, Alhamisi haamini, na miaka imepita mingi sana ya Jumatatu na Alhamisi. Mwenye duka naye alikuja kukamatwa baadaye, lakini kwa sukari, na sukari haithibitishi lolote kuhusu sabuni. Mgeni aliondoka usiku wa kumi na mbili kwa lori la kusini. Salamu zilifika mara moja, kwa mdomo, miaka minne baadaye: mwambieni nafika. Hakufika. Nilimwuliza pia kama katika siku zile kumi na moja wao wawili waliwahi... Akaniambia nitazame chai yangu inamwagika.

Mtaniambia, kama mlivyoniambia Jumamosi iliyopita, kuwa wasomaji hawataki hayo. Wanataka raha, wanataka mwisho mwema, wachapishaji wenyewe wanauliza kama kuna mapenzi ndani. Kwani nani amesema mapenzi yatoke? Oneni Shafi Adam Shafi katika Vuta n'kuvute, iliyotoka mwaka 1999. Yasmin anampenda Denge, na Denge anasakwa na polisi wa Mwingereza huko Unguja kwa ajili ya siasa zake. Shafi hakumwosha Denge. Mengi wanayomshuku nayo anayafanya kweli, na Yasmin anajua kumpenda huyu bwana ni kuukaribisha upekuzi nyumbani. Je, watu waliikimbia riwaya hiyo? Imesomwa, imefundishwa shuleni, na mwaka 2021 Amil Shivji ameitolea filamu. Msomaji wa Kiswahili siyo mtoto wa kupewa uji wa kijiko. Yeye mwenyewe ana ndugu ambaye hajui kama alionewa au alikosa kweli, na anampelekea chakula mahabusu hivyo hivyo.

Mwingine alinijibu kuwa tukimwachia mtuhumiwa doa tutakuwa tunawasaidia wasingiziaji. Hoja hii naiheshimu, maana watu wanafungwa kwa uongo na si jambo la kuchezea. Lakini angalia unachofanya wewe: unasema mtu anastahili kusitiriwa endapo tu ni malaika. Mtoro wako hanywi, hadanganyi, hana deni, hajawahi kumkosea mama yake. Mtu wa kawaida, mwenye madeni na miche mitatu mkobani, akisingiziwa katoni arobaini asizozichukua, huyo hadithi yako haina nafasi yake. Na wanaosingiziwa mitaani kwetu ni hao hao. Ndiyo maana wanasingizika kirahisi.

Basi. Miswada yenu minne iko kwangu, mje muichukue Jumamosi, nimeandika pembeni kwa penseli. Wa kwanza, mtoe yule muuaji mwenye kovu kwenye sura ya kwanza, halafu uniletee tena. Wa pili na wa tatu, rudini kwanza kwenye vyumba vyenu mnavyolala, mhesabu hatua kutoka kitandani mpaka chooni. Na wewe wa nne, wa mvua ya mawe na radi kila ukurasa, unajijua, usije na mwavuli.